Timu ya Waliozaliwa Ijumaa

"Muulize baba yako."

Msomaji wangu, hapo ndipo tulipomwacha Ratri wiki iliyopita. Mkono uko kwenye kitasa cha mlango wa mwenyekiti, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Ameuliza swali moja tu, nani alimkataa Lingga, na jibu alilopewa ni hilo.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuishika hadithi hii, karibu, hujachelewa sana. Elang Wilis, timu ya mji wa Kalisari, imeshuka daraja jana. Imepigwa sita bila, tena nyumbani. Ina mawinga watano, makipa wanne na beki wa kati mmoja, Sukir, ambaye goti lake halijavuliwa bandeji tangu msimu uanze. Bao la sita lilifungwa kwa kichwa na Lingga Pamungkas, beki ambaye Ratri alimbembeleza hadi akakubali kuja Kalisari, kisha mkataba ukazimwa na wakubwa bila maelezo. Lingga alifunga, akainamisha kichwa, akakataa kushangilia. Sasa mji mzima unataka kujua ni mwehu gani aliyesajili timu ya namna ile, na mwenye cheo cha kusajili ni Ratri.

Aliurudisha mguu ndani.

"Baba yangu? Pak Gunarso, baba yangu anafuga hua. Anahusikaje na usajili?"

"Funga mlango kwanza, Bu Ratri. Huko nje waandishi wamejaa."

"Nimeuliza anahusikaje!"

Pak Gunarso, mwenye kiwanda cha sigara za karafuu na mwenye timu, aliwasha moja ya zake. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Ulipoolewa, nani alikupigia hesabu ya siku?"

"Baba."

"Na mimi nilipomwoza binti yangu? Baba yako huyo huyo, Mbah Sastro. Nani anaoa Kalisari bila kupita kwa mzee? Basi nikajiuliza, mtu anayejua kama nyota ya mume inaendana na ya mke, atashindwaje kujua kama ya mchezaji inaendana na ya timu?"

Kalisari mtu hazaliwi Ijumaa tu, basi. Anazaliwa Ijumaa na siku ya soko juu yake, Pon, Wage, Kliwon na wenzake, tano zinazozunguka. Kila siku ina thamani yake. Unajumlisha za mwanamume na za mwanamke, unagawanya, na kinachobaki ndicho kinachosema kama watazeeka pamoja au watarushiana sufuria. Usicheke. Hata huko uliko wapo wanaoangalia nyota kabla ya kupeleka posa.

"Umesajili timu kwa hesabu ya ndoa," Ratri alisema. Aliyasema taratibu kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Binti yangu ana watoto watatu, na mumewe ametulia. Inafanya kazi."

"Tumeshuka daraja, Pak!"

"Timu ilizaliwa Jumatano Pon. Baba yako akasema Ijumaa Pon inaendana nayo, Ijumaa Wage ndiyo kabisa. Nikachukua wa Ijumaa."

"Wote mawinga!"

"Mimi ni mtu wa sigara, Bu. Winga nitamjulia wapi? Niliwaona wanakimbia vizuri."

Ratri alikumbuka jinsi wachezaji walivyokuwa wakitaniana vyumbani kwamba wao ni timu ya waliozaliwa Ijumaa. Alicheka nao. Alidhani ni bahati tu.

"Na Lingga?"

"Jumamosi Kliwon. Baba yako alisema huyo na timu yetu ni usaliti mtupu. Tena ngoja nikuambie kitu. Wengine wote nilimpelekea tarehe zao. Huyu nilitaja jina tu, hata sijamaliza, mzee akasema mwenyewe: Jumamosi Kliwon, huyo asije. Nikasema, kweli huyu mzee ana jicho."

Maneno hayo yalimpita Ratri masikioni. Alikuwa anawaza jambo jingine, na tusimlaumu. Wewe yaweke.

"Leo saa kumi mashabiki wanakutana uwanjani," mwenyekiti aliendelea. "Wanataka jina, na mimi nitawapa jina. Ukisimama ukasema ni wewe, utafukuzwa, utatukanwa mwezi mzima, halafu watasahau. Ukisema si wewe, nitawaeleza haya niliyokueleza. Lile jukwaa la mashariki lina jina la nani?"

"La baba."

"Watalibomoa kwa mikono."

"Na wewe je? Wewe uliyemwuliza mzee wa harusi habari za mabeki, huna lawama?"

Pak Gunarso alimtazama kwa huruma kabisa, huruma ya kweli.

"Mimi ndiye ninayelipa mishahara. Nikiondoka, watamlaumu nani wakiwa na njaa?"

* * *

Alimkuta baba yake uani, anavuta kamba kupandisha tundu la hua juu ya mlingoti. Jikoni mama yake, Bu Sumirah, alikuwa anasaga karanga za mchuzi, na kinu kilikuwa kinasikika hadi barabarani.

Mbah Sastro. Ukitaja jina hilo Kalisari watu wanasimama. Ndiye kipa aliyewapa kombe lao la pekee, na hadi leo watu wazima wenye vitambi wanaubusu mkono wake sokoni.

"Umekula, Nduk, binti yangu? Mama yako amekaanga tempe."

"Baba, ni wewe uliyemkataa Lingga?"

Nyumba ile mtoto hazungumzi na baba yake akiwa amesimama. Anakaa chini kidogo, anashusha sauti. Ratri alisimama wima, mikono kiunoni, na mzee aliona.

"Mwenyekiti aliniuliza. Mtu akija na swali, unamjibu."

"Hukuniambia!"

"Ungecheka."

"Ningelia, baba! Nimemfuata yule kijana msimu mzima. Nimemleta hapa hapa nyumbani, akala na sisi. Na nyinyi mkamfanyia nini? Wewe ukatoka kwenda kuangalia ndege, mama akaweka sahani akaingia chumbani, eti kichwa kinamuuma. Niliona aibu siku ile! Nikamwambia, tusamehe, wazazi wangu wamechoka."

Kinu kikanyamaza jikoni.

"Mambo hayo yameshapita," mzee alisema, macho juu kwenye tundu.

"Hayajapita. Tumeshuka jana. Sema tena, timu ilizaliwa lini?"

"Jumatano Pon. Imeandikwa getini."

"Saa ngapi?"

"Unaijua hadithi."

"Nisimulie."

Mzee alishusha pumzi. Hadithi hiyo huisimulia kila mwaka, sinia la wali wa manjano likiwa mbele yake na mji mzima ukisubiri kula. "Babu yako na wenzake walikutana kwa muuza tofu. Wakaswali Magharibi kwanza. Kisha taa ikawashwa, wakakubaliana jina."

"Wakaswali Magharibi kwanza."

"Ndiyo."

"Siku inaingia lini, baba?"

Hua mmoja aliguna huko juu.

"Nani alinifundisha? Si wewe? Yule binti wa muuza majani ya chai, mama yake alikuja na siku ya mchana, ukamrudisha! Ukasema amezaliwa jua limeshazama, siku imegeuka, nenda kaulize upya. Harusi ikaahirishwa, vyakula vikaoza! Timu haikuzaliwa Jumatano. Magharibi ilishapita. Ni Alhamisi. Alhamisi Wage!"

Alianza kuhesabu kwa vidole, mbele ya uso wa baba yake, kama anavyohesabu yeye. Ratri hakuamini hesabu hizo. Hajawahi kuziamini hata siku ya harusi yake. Lakini baba yake anaziamini, na alitaka imuume.

"Ijumaa Pon na Alhamisi Wage. Inabaki moja. Moja ni nini?"

"Talaka," mzee alisema.

"Ijumaa Wage?"

"Ugomvi."

"Na Jumamosi Kliwon, baba? Lingga?"

Kamba ilimponyoka mzee. Tundu likashuka kwa kishindo, likatua majanini, hua wakapigapiga mabawa. Mzee aliinama kulishika na goti likamgomea, akabaki ameinama vile vile.

"Heri," alisema. "Heri tupu."

Ratri alikuwa ameshinda, na hakuupenda ushindi wenyewe. Alimwona baba yake amezeeka mbele ya macho yake, mikono ile iliyodaka penalti sasa imeshindwa na tundu la ndege. Hasira ikamwisha yote mara moja. Alimshika kwapani, akamnyanyua, akamkalisha kwenye kibao.

"Sikiliza. Saa kumi mwenyekiti anatoa jina. Nitasema ni mimi. Wewe kaa hapa. Usije uwanjani, baba, nakuomba. Nani ajue kwamba wewe ndiye..."

"Pakne."

Ni Bu Sumirah, mlangoni pa jikoni, mikono imejaa karanga. Humwita mumewe hivyo, baba wa mtoto, siku zote, lakini sauti ya leo haikuwa ya siku zote.

"Mwambie mtoto."

"Rudi jikoni, Bu."

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

Huko barabarani ngoma zikapita. Mashabiki wanakwenda uwanjani, wanaimba jina la Ratri, na wimbo wenyewe haukuwa wa kumsifu. Ratri alidhani mama anataka mzee amwombe radhi. Alisema, "Mama, radhi baadaye," akachukua kofia ya pikipiki, akaondoka. Laiti angesubiri!

* * *

Uwanja ulijaa kuliko jana. Watu wa Kalisari hawakuja kuiona timu ikifa, ila kuona anayezikwa nayo hawakukosa.

Mbele kabisa alisimama Kang Paimo, kiongozi wa mashabiki, ngoma kifuani, sauti imekauka kwa kupiga kelele msimu mzima.

"Mawinga watano!" alinguruma. "Bu Ratri, ulikuwa unafungua kiwanda cha feni?"

Watu wakaangua kicheko kisicho na furaha.

"Makipa wanne na beki mmoja! Mnakaa nyumba ya milango minne isiyo na ukuta?"

"Beki gani? Sukir ni mgonjwa, si beki!"

"Mwanamke ajue nini kuhusu mpira! Rudi ukakaange tempe!"

Pak Gunarso alimpa Ratri kipaza sauti kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha akarudi nyuma na kuweka mkono kifuani kama mtu aliyefiwa. Ratri alilitazama jukwaa la mashariki. Jina la baba yake liko pale kwa rangi nyeupe, kubwa, na watoto wamekaa juu yake wananing'iniza miguu.

"Ni mimi," alisema.

Kelele zikapungua.

"Kazi ya kusajili ilikuwa yangu. Mabeki hatukununua. Lingga tulikuwa naye mkononi tukamwacha. Msimtafute mtu mwingine. Lawama ni yangu."

Kisha mfuko wa chai ya barafu ulirushwa kutoka juu, ukampiga begani, ukapasuka, chai ikamtiririka hadi kiunoni. Baada ya hapo ikawa mvua ya mifuko. Hakusogea. Alijiambia, mwezi mmoja. Watatukana mwezi mmoja, na baba atakwenda sokoni mkono wake ukibusiwa kama kawaida. Hilo linamtosha.

Halafu mifuko ikakoma.

Watu walikuwa wanageuka nyuma. Njia ilikuwa inafunguka yenyewe katikati ya umati, na vijana waliokuwa wanatukana sasa hivi walikuwa wanainama kubusu mkono wa mtu. Mbah Sastro alikuwa anakuja na fimbo yake, amevaa jezi ya kijani ya enzi zake, imempwaya mabegani.

"Baba, rudi nyumbani," Ratri alimnong'oneza alipofika jukwaani. "Tafadhali."

Mzee alinyoosha mkono kuomba kipaza sauti.

Nitakuambia ukweli wa Ratri, maana yeye mwenyewe hatamwambia mtu. Aliogopa, ndiyo. Lakini chini ya woga palikuwa na furaha ndogo ya aibu. Baba amekuja. Baba atasema. Hatabaki peke yake na chai mgongoni. Akampa.

"Wanangu," mzee alisema, na uwanja mzima ukatulia. "Nilimwambia amchukue Lingga."

Ratri alidhani hakusikia vizuri.

"Nilimwambia kwa mdomo wangu. Nikamwambia timu haina ukuta, mchukue yule kijana. Hakunisikia. Huyu binti ana kichwa kigumu tangu mdogo. Nisameheni, wanangu. Ni malezi yangu."

Hata Pak Gunarso sigara ilimdondoka. Kang Paimo akainua mikono yote miwili juu.

"Hata baba yake! Jamani, hata baba yake mzazi!"

Uwanja ukalipuka. "Toka! Toka! Toka!" Ngoma zikaipokea. Ratri alimtazama baba yake na baba yake hakumtazama. Iliuma. Iliuma kuliko sita bila, kuliko zile kelele zote. Kama angesema ukweli, nani angemwamini yeye dhidi ya Mbah Sastro?

Mzee alirudisha kipaza sauti kwa mwenyekiti. Akageuka kuelekea ngazi. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni bila kuangalia, kama anavyonyoosha kila penye ngazi tangu goti lilipomharibikia, akisubiri bega la binti yake.

Ratri aliutazama mkono ule. Angeweza kuuacha pale pale hewani, watu wote wakiona. Wewe ungeuacha? Yeye alisogea, akampa bega lile lile lililolowa chai.

Walianza kushuka. Kelele zilikuwa nyingi mno, na mzee alisema mdomo ukiwa karibu na sikio lake.

"Umenionaje, Nduk? Mimi hukosea siku?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Ratri bila sauti.

"Maisha yangu yote sijakosea siku. Nilijua ni Alhamisi."

Ratri alisimama. "Ulijua?"

"Shuka, watu wanatutazama. Nilijua. Lakini kwa Alhamisi, yule kijana anakubalika, na mwenyekiti angemleta. Kwa Jumatano anakataliwa."

"Na hao wengine? Wale wa Ijumaa?"

"Nikishasema Jumatano kwa mmoja, lazima niseme Jumatano kwa wote. Mwenyekiti si mjinga wa kila kitu. Angeshtuka."

Waliteremka ngazi nyingine. Mfuko ulipita juu ya vichwa vyao, ukapasukia ukutani.

"Umeiua timu, baba," Ratri alisema. "Umeniua na mimi. Kwa ajili ya kumzuia mtu mmoja?"

"Najua."

"Alikukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Lakini angekaa hapa. Kila wiki yeye uwanjani na mimi jukwaani, na watu wa mji huu wana macho. Wangemtazama yeye, wangenitazama mimi. Mama yako alimwona mara moja tu, anaweka sahani, akajua."

Na hapo, msomaji, yale maneno ya mwenyekiti yaliyompita Ratri asubuhi yakamrudia, yote, moja baada ya jingine. Nilitaja jina tu. Hata sijamaliza. Mzee akasema mwenyewe.

Walikuwa wamefika ngazi ya mwisho. Ratri aligeuka akamtazama baba yake usoni, kipaji cha uso, masikio, kidevu, mambo ambayo ameyaona maisha yake yote na jana aliyaona tena, kwenye uso wa beki aliyefunga kwa kichwa akakataa kushangilia.

"Baba. Jumamosi Kliwon. Mimi nilikuwa na mkataba wake mkononi na sikuijua siku hiyo. Nani alikuambia?"

Mzee alikaza vidole kwenye bega lake. Nyuma yao mji mzima ulikuwa unaimba wamfukuze.

"Hakuna aliyeniambia, Nduk. Mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni siku alipozaliwa."